Vidole vya Kambove

Nimechoka, na ni vizuri mlijue hilo tangu mwanzo, msije mkadhani ni ukali wa tabia. Vijana wa labo, maabara yetu, mmenisumbua tangu siku ya kuniaga, mkitaka niandike kazi yetu ilivyokuwa. Sherehe yenyewe nashukuru: hotuba zilikuwa ndefu na soda zilikuwa za moto. Anayetaka kujua nilipandaje vyeo asijisumbue kuendelea kusoma. Vyeo vyangu vilikuja kama mvua ya mwezi wa saba, na anayekijua kiangazi cha Lubumbashi amekwisha kunielewa.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kutoka upande wa Kongolo, na mama alitaka niwe mtawa. Nikasoma kemia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha shaba, katika lile jumba kubwa la elektrolisi ambamo mabamba hutumbukizwa kwenye asidi, umeme unapita, na shaba safi inajishika upande wa pili polepole. Siku ya kwanza nilivaa kitenge kipya ili nipendeze. Ilipofika saa sita kilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama kimeliwa na mende. Wanaume walicheka, kisha mmoja wao akaniletea koti lake la zamani, nalo lilikuwa na matundu makubwa zaidi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Ilunga, msimamizi wa jumba lile. Kampuni iligawa maziwa kwa wafanyakazi, kwa imani kwamba maziwa huosha asidi kifuani. Papa Ilunga aliyanywa yake kwa heshima kama dawa, ingawa hakuyapenda, na alinikazia macho mpaka na mimi nimalize yangu. Sindano ya mita ikicheza ovyo, wengine walikimbilia kusema asidi imeharibika. Yeye alichukua kitambaa na msasa, akasafisha sehemu zinazogusana, kisha akasoma upya. Mara nyingi sindano ilitulia. Alisema asidi haina mdomo wa kujitetea, kwa hiyo tusafishe kwanza kilicho chetu ndipo tuilaumu. Hakunisifu hata mara moja, na nilipoondoka alinipa msasa wake, ambao sijui niliuweka wapi.

Kampuni ilipoanza kuyumba, nikapata nafasi ya kufundisha kwenye labo ya chuo kikuu. Huko ndiko kazi hii ya vipimo iliponikuta, nami sikuwa tena msichana. Shida ilikuwa inajulikana na kila mtu. Mgonjwa wa Kambove, mji mdogo wa machimbo, alitolewa damu, damu ikapanda gari hadi Likasi au huku mjini, na majibu yakarudi wakati mwenyewe amekwisha kupona au kuzikwa. Tukajiuliza kama ule umeme wa jumba la elektrolisi, ukipunguzwa sana, hauwezi kutusomea tone la damu palepale mgonjwa alipokaa.

Unaweza. Unachukua kikaratasi cha plastiki, unakichapa mistari ya wino wa makaa, unaweka juu yake protini inayowinda alama za ugonjwa mmoja tu. Ugonjwa ukiwemo, alama zinashikwa, unaongeza dawa, na mkondo mdogo wa umeme unapita kwenye mstari. Mashine inauchora kwenye simu. Ugonjwa usipokuwemo, mchoro unalala chini. Ndivyo tulivyoeleza kwa wageni, na ndivyo ilivyokuwa siku ilipopenda.

Wino wa Ulaya ulitushinda bei. Basi tukavunja betri kuukuu za tochi, tukatoa ile fimbo ya makaa iliyo katikati, tukaisaga kwenye kinu ambacho mwenye nacho hakutaka tena kupondea sombe, majani ya muhogo. Kuchapa nilijifunza kwa mchapaji wa fulana aliyekuwa Kenya, namaanisha komini yetu hapa mjini, si nchi ya watu. Wakati wa kampeni alichapa nyuso za wagombea, na kampeni ikiisha alichapa watakatifu, kwa fremu ileile. Alinionyesha namna ya kuvuta wino kwa mkono mmoja bila kukata tamaa katikati. Mstari mmoja wa kulinganishia, wa fedha, tuliupaka kwa rangi, tukaudondoshea javel, dawa ile ya kufulia nguo nyeupe, mpaka ugeuke kijivu. Mgeni mmoja aliuliza tunanunua wapi kemikali hiyo, nikamwambia kwa mama anayeuza sabuni pale kona.

Mambo mengine hayasimuliki kwa furaha. Umeme ulikatika, friji ikapata joto, protini ya bei ghali ikafa, tukaagiza nyingine, ikakaa uwanja wa ndege mpaka nayo ikafa. Kiangazi vumbi jekundu liliingia hata kwenye madirisha tuliyoyaziba kwa mkanda. Wafadhili walikuja, wakala samaki na sisi kule hoteli ya Karavia, wakapiga picha, wakaondoka wakituita mashujaa. Shujaa anayeosha vyombo vya labo kwa maji ya ndoo anachoka kama mtu mwingine yeyote. Afadhali alikuja Serge, mtaalamu wa elektroniki, kijana mwenye subira kuliko mimi, akatutengenezea mashine yenye ukubwa wa kipande cha sabuni inayozungumza na simu. Tulizijaribu karatasi zetu kwa damu zetu sisi wenyewe, kwa wanafunzi na kwa wagonjwa wa hapa mjini. Zilifanya kazi.

Tukachagua kaswende kwa wajawazito. Ukiijua mapema, sindano inamwokoa mtoto, na usipoijua anaweza kuzaliwa mfu. Tukaanzia kwenye maternite, kliniki ya uzazi, moja ndogo ya Kambove, chini ya muuguzi aliyeitwa Mama Odile, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuipita. Alikuwa na sharti lake: mke hapimwi peke yake, anakuja na bwana yake na wote wanatoa kidole. Nililipenda sharti hilo.

Sasa nifike kwa Yvette, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikubali kuandika haya.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani yangu wa mtaa wa Makomeno alinisubiri mlangoni pa kanisa. Aliitwa Fabien, fundi wa magari, mtu asiyependa maneno. Akasema dada yake mdogo Yvette ameletwa kwake kutoka Kambove na mimba kubwa na mizigo yake yote. Kule maternite alipimwa kwa mashine mpya, akaonekana ana kaswende. Bwana yake, Dieudonné, akapimwa palepale, akaonekana hana. Mama mkwe hakungoja jua lizame, akamfungashia mizigo. Kikao cha familia kilipangwa Jumamosi inayofuata ili kuvunja ndoa, na mtoto aliye tumboni hawakuwa tayari kumpa jina lao. Fabien hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ni kweli mashine hiyo ni yangu.

Nilimkuta Yvette amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe. Nilimweleza mimi ni nani. Alinitazama bila chuki, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Akaapa kwamba hajui mwanaume mwingine. Nilisema namwamini, naye akajibu kwamba kuamini kwangu hakumsaidii kitu Kambove. Nilimtoa damu ya mkono, nikaipeleka hospitali kubwa ikapimwe kwa njia ya zamani. Majibu: hana. Nilifurahi mpaka Fabien alipopiga simu Kambove. Mama mkwe alijibu kwamba bila shaka hana, si Mama Odile alikwisha kumdunga sindano? Dawa imefanya kazi yake. Kitaalamu si hivyo, alama hizo hazifutiki kwa siku chache, lakini jaribu kumweleza hilo mama wa mtu kwa simu.

Basi tukarudi kwenye mchoro. Serge aliuweka ule wa Yvette kwenye kompyuta na sote tukainama. Ulipanda, ndiyo, lakini ulipanda vibaya, mapema mno na kwa haraka. Nilikuwa nimeona mlima wa namna ile maelfu ya mara nikiwa bado na matundu kwenye kitenge. Hiyo haikuwa kaswende. Ilikuwa shaba. Nilimuuliza Serge kama anajua kazi ya Yvette, akasema hajui. Mimi nilikuwa nimeviona vidole vyake kwenye yale maharagwe, vina kijani kwenye mipasuko na chini ya kucha. Yvette alikuwa muosha mawe. Wanaume wanachimba, wanawake wanakaa mtoni na mafuko, wanaosha madini kutwa nzima. Pamba ya alkoholi haitoi vumbi lile. Tone la damu lilikuwa limepita juu ya shaba likaibeba. Kwenye vitabu vya kipimo hiki hakuna onyo kama hilo, kwa sababu walioviandika hawakuwahi kutoboa kidole cha Kambove. Na sisi watoto wa shaba, tuliozaliwa ndani ya vumbi lake, hatukuliona kwa sababu tunaliona kila siku.

Tulishangilia kidogo. Kisha Serge akasema taratibu, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kama wanaume ndio wanaochimba, basi bwana wa Yvette naye ni mchimbaji. Anashika jiwe lilelile. Kama ni shaba, kwa nini yeye hakupanda? Nikampigia Mama Odile. Akathibitisha: aliwauliza wote wawili kazi zao, na Dieudonné alijibu mwenyewe kwamba yuko shimoni kila siku. Nilikaa chini. Kikao kilikuwa keshokutwa.

Tulikwenda hivyohivyo, mimi, Serge, Fabien na Yvette. Njia ya Likasi ilikuwa na malori kama kawaida. Nilibeba mashine, karatasi mpya zisizo na protini yoyote, ndimu, na dumu la maji safi ya labo. Nilikuwa nimefikiri hivi: karatasi tupu haiwezi kuona kaswende hata ikitaka, inaona metali tu. Kama maji aliyonawia Yvette yatapanda kwenye karatasi tupu, basi mtu mwenye macho ataona. Swali la bwana yake nilimwachia Mungu.

Kikao kilikuwa uani kwa mama mkwe, Mama Kalenga, mjane mkavu aliyefunga kitambaa chake vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mkeka. Dieudonné alikaa karibu na ukuta, kijana mrefu mwenye mabega mapana, akitazama viatu vyake. Sururu yake ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Yvette alipewa kigoda katikati ya watu. Walinisalimia kwa adabu zote, wakaniita Mama Labo, wakanipa maji ya kunywa. Kisha Mama Kalenga akasema kilichokuwa moyoni mwa wote.

"Mashine ilisema iko nayo. Bwana yake hana. Sasa aliitosha wapi, kwa bwana gani?"

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa Kifaransa kingi, nikarudia kwa Kiswahili. Mzee mmoja alisema watu wa mashine wakikosea husema ni vumbi. Nikaacha maneno. Niliomba sahani, nikamimina maji ya dumu, nikakamulia ndimu, nikadondosha tone kwenye karatasi. Mchoro ulilala chini, nikazungusha simu kila mtu auone umelala. Ndipo nikamwambia Yvette anawe. Alinawa taratibu, akisugua hadi kwenye kucha. Tone la maji yale lilipanda kwenye simu kama mtu anayekimbia ngazi.

Manung'uniko yakaanza. Mmoja wa akina mama akasema labda ugonjwa uko hata kwenye ngozi yake. Nikamgeukia Mama Kalenga, nikamwomba kwa heshima anawe na yeye, kwenye maji mapya. Alikuwa muosha mawe kabla Yvette hajazaliwa, na bado alikuwa anakwenda mtoni. Alinikazia macho, kisha akanawa, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Mchoro wake ulipita wa Yvette.

"Kumbe na mama mukubwa iko na kaswende," mzee mmoja alisema, na uani pote pakacheka, hata Fabien. Mama Kalenga peke yake hakucheka. Lakini hakuwa mjinga. Alitazama mikono yake, akatazama ya mkwewe, na nikaona uso wake unaanza kulegea. Kisha akasema jambo ambalo mimi nilikuwa naliogopa njia nzima.

"Muleteye Dieudo maji, naye anawe. Yee njo anashika mawe kupita siye bote."

Dieudonné alisema hakuna haja. Alisema amekubali, mambo yaishe, mkewe arudi nyumbani. Ilikuwa vizuri kusikia hivyo na ningependa kuishia hapo, nilikuwa nimechoka na njia. Lakini mama yake alikwisha kummiminia maji. Akanyoosha mikono ndani ya sahani na kuitoa upesi. Mama yake akairudisha, akamsugua yeye mwenyewe, kama mtoto.

Mchoro ulilala chini. Serge akabadilisha karatasi, tukarudia, ukalala tena. Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale uani alijua maana yake bila msaada wa labo. Mikono ile haikuwa imegusa jiwe kwa muda mrefu.

Dieudonné alizungumza, akitazama ukuta. Shimo lao lilikuwa limezungushiwa waya na wenye mali wapya tangu mwanzo wa kiangazi, na wachimbaji walifukuzwa. Wenzake walihamia mashimo ya mbali. Yeye hakupata kundi la kumpokea. Kila asubuhi alibeba sururu, akaenda kukaa nyuma ya kituo cha zamani cha treni mpaka jioni, akajipaka udongo kidogo kabla ya kurudi. Mama Odile alipomuuliza kazi yake mbele ya mke wake, akajibu alivyozoea kujibu. Na kipimo kilipotoka, akaona wote wanamtazama Yvette na hakuna anayemuuliza tena yeye, akanyamaza.

Mzee aliyekuwa ametuchekesha alianza kusema kwamba shida zipo kwa kila mwanaume. Yvette akainua mkono, naye akakoma. Hakusimama, mimba ilikuwa nzito. Alimsemesha bwana yake kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Nilikuwa nakulisha toka mwanzo wa kiangazi, nikifikiri tunalishana. Kuacha baniite ndumba, malaya, njo ilikuwa mwepesi kupita kusema hauna tena kazi?"

Mama Kalenga akasogea, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya mkwewe, jambo ambalo mama mkwe wa kwetu hafanyi, akaomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake. Yvette akamwinua. Lakini kurudi alikataa. Alisema atajifungulia Makomeno kwa kaka yake, na mambo mengine yatajulikana baadaye. Tukapanda gari. Nilikuwa nimekwenda kumwondolea mwanamke aibu, nikawa nimemvisha mwanaume aibu yake mbele ya ukoo mzima, na njia nzima ya kurudi sikujua kama nifurahi. Nilifurahi kidogo. Zaidi nilitaka kulala.

Kazi haikungoja hisia zangu. Tuliwaita tena wanawake wote wa maternite ile ambao michoro yao ilikuwa imepanda, tukawapima kwa njia ya zamani, na Mama Odile alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia mabwana zao, kwa ile sauti yake. Tukaongeza ndimu na sabuni kabla ya kutoboa kidole, na kwenye dawa tukaongeza chumvi inayoikamata shaba isifike kwenye mstari. Msiziondoe hatua hizo kwa sababu zinachelewesha foleni. Najua baadhi yenu mmeanza kunong'ona.

Yvette alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilikwenda kumwona maternite ya huku mjini na supu ya kuku. Nilimkuta ameketi kitandani, Fabien amesimama dirishani na uso wake wa fundi, na mlangoni amesimama Dieudonné. Alikuwa amefika na basi la asubuhi. Fabien aliniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa anaosha mawe mtoni, mwanaume peke yake katikati ya akina mama, na Kambove nzima inamcheka, naye anakwenda tu.

Dieudonné hakusalimu kwanza, wala hakuomba kitu. Alisogea mpaka kitandani, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, Yvette avione. Vilikuwa vimepasuka na kijani kilikuwa kimeingia ndani ya mipasuko. Yvette alichukua kiganja kimoja, akakigeuza, akatazama na kucha. Mtoto akaanza kulia, naye Dieudonné akataka kumpokea.

"Wende unawe kwanza," Yvette alisema. "Kisha umubebe."